Meza ya Jirani

Katika mji wa Dar es Salaam mtu aweza kuzaliwa, akasoma, akaoa, akalea wana na wajukuu, na muda wote huo akanunua kitambaa cha nguo, misumari, betri za saa na dawa ya kikohozi katika maduka ya Wahindi, akalijua jina la mwenye duka na jina la mwanawe, akasalimiwa kwa heshima kila aingiapo, na hata siku ya kufa kwake ikawa hajapata kuketi mara moja kula chakula kilichopikwa kwa desturi ya jirani huyo. Ujirani wetu na Wahindi umekuwa, kwa sehemu kubwa, ujirani wa kaunta: fedha huenda upande huu, bidhaa huja upande ule, na kila mmoja hurudi kwake kwa salama. Nami naamini, na ndilo neno ninalotaka kulisema leo kwa kirefu, kwamba mkahawa mdogo wa Kihindi ulio mtaani ni mojawapo ya mahali pachache mno ambapo kaunta hiyo imeondolewa bila ya hotuba wala sheria, na kwamba imetupasa kuingia humo tukaketi, na kuulinda usije ukafungwa.

Sikusudii kumbi kubwa za hoteli za kando ya bahari, ambamo upishi wa Bara Hindi lote, kutoka Kashmir hata Kerala, hukusanywa katika orodha moja na kulainishwa mpaka kila mchuzi ukawa na rangi moja na ladha moja ya malai. Huko mtu halishwi na jirani. Hulishwa na biashara isiyo na kwao. Nakusudia nyumba za kulia zilizomo katika mitaa ya Kisutu, Jamhuri na Indira Gandhi, karibu na mahekalu ya Kihindu, zenye meza chache, feni darini, sinki la kunawia mikono ukutani, na juu ya sanduku la fedha picha ya mungu wao iliyovikwa shada la maua. Wengi wa wenye nyumba hizi asili yao ni Gujarat na Kachchh, pwani ile ile ambayo majahazi yake yalikuwa yakivuka kuja kwetu kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi, na upishi wao ni wa watu wa huko, si wa Bara Hindi lote.

Aingiaye kwa mara ya kwanza, saa saba mchana, huenda akafadhaika, kwani haulizwi atakula nini. Huwekewa mbele yake sinia la chuma kisichoshika kutu, lenye vibakuli vinne au vitano vilivyopangwa ukingoni, na mara wahudumu huanza kupita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ndoo yake ndogo na upawa wake: huyu ana dali, huyu ana viazi na biringani vilivyokaangwa kwa haradali, huyu ana choroko zilizochipuzwa, huyu ana kadhi, yaani mtindi uliokorogwa na unga wa dengu na kupikwa kwa moto mdogo mno usije ukakatika, na wa mwisho ana chapati nyembamba zilizopakwa samli, ambazo si zile zetu za kukunjwa kwa mafuta tabaka kwa tabaka, bali ni nyepesi kiasi cha mtu kula tano asijihisi. Achari ya embe bichi, kachumbari, chumvi na papadi hukaa upande wa kushoto. Desturi ni kula chapati na mboga kwanza, na wali huja mwisho pamoja na dali. Mgeni asiyelijua hilo hushiba kabla wali haujafika, akautazama kwa masikitiko.

Mhudumu hakuulizi kama umeshiba. Macho yake yako kwenye vibakuli, na kila kionekanapo kitupu hukijaza, tena bila ya kuongeza senti juu ya bei iliyowekwa; nawe ukisema basi, yeye huchukua neno hilo kuwa ni adabu ya mgeni tu, akamimina tena, mpaka ufunike sinia kwa kiganja cha mkono ndipo asadiki. Aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili haoni ugeni katika jambo hili. Bibi zetu walikuwa wakifanya vivyo hivyo, na mgeni aliyeinuka mapema aliambiwa kwamba chakula hakikumpendeza. Takrima hiyo imekwisha katika mikahawa yetu mingi, ambako siku hizi kipande cha nyama hupimwa na mchuzi wa kuongeza hulipiwa, na mimi nimeikuta imehifadhiwa kwa jirani kama ilivyokuwa kwetu.

Katika nyumba hizi hapapikwi nyama, samaki wala yai. Asili yake ni dini. Wahindu wengi wa Gujarat, na Wajaini, watu wa dini nyingine ya huko, pamoja nao, wamejiharimishia kila kilichotolewa uhai, na Wajaini wamevuka hapo, hawali hata kitunguu, saumu, kiazi wala karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vilivyomo udongoni. Mpishi wa kwetu akiambiwa apike mchuzi pasipo kitunguu wala saumu atauliza apike na nini. Wao wamepata njia, nayo ni mvuje. Utomvu huu mkavu wenye harufu kali wazee wa pwani waujua sana, illa kwa kazi nyingine: hufungwa katika kitambaa akavishwa mtoto mchanga ili kumkinga na jicho la hasidi, na ukali wa harufu yake ndio sababu ya kuaminiwa. Nimeruhusiwa kusimama mlangoni pa jiko moja la Kisutu nikatazama utumikavyo. Samli huwekwa motoni katika kikaango kidogo mpaka ipate moto sana. Hutiwa haradali, nazo hupasuka kwa mlio mkavu mfululizo. Hufuata bizari nyembamba, kisha mvuje kidogo mno, kadiri ya kinachoshikwa kwa ncha za vidole viwili. Harufu iliyokuwa ikichukiza hugeuka kwa muda wa pumzi mbili tatu ikawa ile ya kitunguu kilichokaangwa kikaiva, na hapo samli yote humiminwa juu ya dali, ikalia, na chungu kikafunikwa upesi kabla mvuke haujatoroka.

Kuna jambo hapa ninalolistaajabia kila nilifikiripo. Sheria hii ya chakula iliwekwa na watu wale kwa ajili ya kujihifadhi, na pamoja na mila ya matabaka iliwazuia kwa karne nyingi kula na wengine, kwani mtu wa tabaka moja hakula kilichoguswa na mtu wa tabaka jingine, sembuse mtu wa taifa jingine. Leo sheria hiyo hiyo, baada ya kuwekwa katika mkahawa ulio wazi kwa kila mwenye bei ya chakula, imeifanya meza yao kuwa pana kuliko meza nyingi mjini. Muislamu hana haja ya kuuliza nani aliyechinja. Mhindu hana shaka ya ng'ombe. Mkristo aliye katika Kwaresima, Msabato aliyejizuia na nyama, mgonjwa aliyeonywa na daktari, wote huketi bega kwa bega, na hapana miongoni mwao anayekula kwa wasiwasi. Katika nchi yetu, ambamo suala la nani achinje limewahi kuwatia watu uhasama, hili si jambo dogo.

Na dali ile ni nini? Ni mbaazi. Ni mbaazi hizi hizi ambazo Mombasa na Unguja huchemshwa nzima, zikatiwa tui zito, zikaliwa asubuhi kwa mahamri. Wao huziambua maganda, wakazipasua, wakazipika mpaka zikavurugika, kisha wakatia tangawizi, ndimu au ukwaju, na kipande cha sukari guru, maana Mgujarati hapendi uchachu usio na utamu pembeni yake. Wakulima wa Babati, Lindi na Mtwara hulima mbaazi kwa wingi, na sehemu kubwa ya mavuno yao husafirishwa India. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingizwa kutoka nje, kwa sababu wakulima wake wenyewe walikuwa wamevuna tele, bei ilianguka huku kwetu mara moja, na mtu aliyepanda kwa tamaa ya bei ya jana akabaki na magunia asiyojua ayapeleke wapi. Niliumia sana kwa habari ile, na maumivu yangu yalizidi nilipowaza kwamba wengi wa wakulima hao hawajapata kuonja chakula ambacho jasho lao huenda kuwa. Miaka themanini kabla ya hapo, mwaka 1937, bahari ile ile ilileta taabu ya namna hiyo Unguja, wakati chama cha Congress cha India kilipowataka watu wake wasinunue karafuu za Zanzibar, kwa kupinga amri za serikali ya kikoloni zilizokabidhi biashara ya karafuu kwa chama kimoja na kuwaondoa wafanyabiashara wa Kihindi. Pande mbili za bahari zimefungamana kiasi hiki: mmoja akifunga mfuko, mwingine hulala na njaa. Haifai tufungamane katika bei tu.

Wala mafungamano haya si ya jana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo juu yake, na pembeni mtindi, malimau ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Mtu akiketi leo Kisutu au Lamu akaletewa wali, mtindi na achari ya embe, ni chakula ambacho msafiri yule angekitambua bila ya kuuliza. Vasco da Gama naye, alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alikuta vyombo vya Wahindi vimekwisha tangulia bandarini. Baadaye Wareno wakaleta kutoka bara la Amerika pilipili, muhogo na mahindi, vikaenea huku na kule, na kila upande ukadhani ni vyake tangu asili. Biriani, sambusa, bajia na chatini vimo katika karamu zetu, na hapana harusi ya pwani inayovikosa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba chakula cha Kihindi ni kigeni kwetu. Kigeni ni kule kuketi pamoja.

Na ugeni huo ulitengenezwa. Wakoloni walipoupanga mji huu waliukata mapande matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ili watu wa huku na watu wa kule wasikaribiane mno. Shule zikawa mbalimbali, hospitali zikawa mbalimbali, mishahara ikawa mbalimbali, na Mhindi akawekwa katikati, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, mahali ambapo mtu hapendwi na yeyote. Mwafrika aliyeingia Uhindini aliingia kwa kazi: hamali, dobi, mtumishi, mpishi. Wako Wahindi walioipenda daraja ile na kuitumia vibaya, na wazee wetu hawakuyasahau matusi waliyotukanwa. Insafu yatutaka tuyaseme. Insafu hiyo hiyo yatutaka tuseme kwamba mwaka 1971, majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi yalipotwaliwa kwa sheria, ziko jamaa zilizopoteza kazi ya maisha ya baba na babu, na kwamba mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, wengi walitoka na sanduku moja. Baada ya hayo kila upande ulikuwa na sababu ya kukaa kwake na kufunga mlango.

Wahindi wetu waliokwenda Uingereza wamefanya jambo moja linalonigusa. Katika mikahawa midogo ya mitaa ya London, kama Wembley na Southall, mlaji aweza kuagiza muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, na kuku wa kupaka kwa tui la nazi, na wenye kuuza vyakula hivyo ni Wahindi waliozaliwa Kampala, Kisumu, Mwanza na Unguja. Katika baridi ile, miongoni mwa Wahindi wenziwao waliokuja moja kwa moja kutoka India, wao hujulikana kwa muhogo. Walichukua cha kwetu wakakiweka mezani pao, na hapana sheria iliyowalazimisha. Yatupasa kuwalipa mfano wa hayo, na gharama yake ni bei ya sinia moja la mchana.

Nasema hivi kwa haraka ya moyo, kwa sababu mikahawa hii yapungua. Nyumba za zamani za mjini kati, za ghorofa moja au mbili, zenye roshani za mbao na jina la aliyejenga na mwaka wa kujengwa vimeandikwa juu ya paji lake, zimebomolewa kwa wingi ili kupisha majengo marefu ya vioo, na palipokuwa pa kulia pakawa benki au duka la simu. Mwenye mkahawa akirudi baadaye kuuliza chumba cha chini katika jengo jipya, huambiwa kodi ambayo hapana sinia la dali liwezalo kuilipa. Watetezi wa majengo ya kale wamepiga kelele kwa haki kuhusu roshani na milango ya nakshi, lakini sijasikia sauti ikitetea jiko. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wahesabu ustadi wa mikono na desturi za watu kuwa urithi sawa na mawe. Kwa hiyo wenye mamlaka ya mji, watoapo ruhusa ya kubomoa nyumba yenye mkahawa wa miaka mingi, wangeweza kuweka sharti kwamba jengo litakaloinuka litenge nafasi ya chini kwa mkahawa huo kwa kodi inayochukulika. Mwenye jengo hatafilisika kwa chumba kimoja.

Iko sababu nyingine ya kupungua kwao, nayo haisemwi sana. Watoto wa wenye mikahawa wamesoma, wamekuwa madaktari na wahasibu, wengine wako Toronto na Leicester, na hawataki kurithi kazi ya kuamka alfajiri kuloweka choroko. Baba akichoka hufunga. Jamaa na marafiki husikitika kwamba ujuzi umekwenda naye, na hapo ndipo ninapokataa, kwa kuwa ujuzi haukwenda naye. Umo mikononi mwa mpishi, na mpishi huyo, katika nyumba nyingi za namna hii, ni Mwafrika: Mngoni, Mmakonde au Msambaa aliyeingia kazini kijana kuosha masufuria, akafundishwa na mama wa nyumba kidogo kidogo, na mama alipozeeka akashika jiko lote.

Mmoja wao nimemtazama mara nyingi akifanya chapati wakati wa msongamano wa mchana. Hukata donge la unga bila ya kulipima, akaliweka juu ya kibao cha mviringo, akalipitisha kijiti cha kusukumia mara nne au tano kwa namna ambayo donge lenyewe huzunguka chini ya kijiti bila ya kuguswa na mkono. Hulitupa juu ya chuma cha moto, likapata madoa upande mmoja na upande wa pili, kisha huliweka juu ya mwali mtupu, nalo hufura lote likawa mviringo, akaliokota kwa ncha za vidole na kulipaka samli, na tayari donge jingine limo kibaoni. Ajua Kigujarati cha jikoni. Ajua ni mteja gani Mjaini asiyekula kiazi, humtengea chungu chake bila ya kukumbushwa, na ajua ni siku gani za mfungo wateja wa Kihindu wataacha nafaka. Vizee vya Kihindu ambavyo mama zao wasingekubali kugusa chungu alichokigusa yeye humwita kutoka jikoni ili kumsifu kwa kadhi. Ikiwa kuna mtu mmoja katika mji huu ambaye ndani yake historia yote niliyoisimulia imekutana na kupatana, ni huyu; na jina lake haliko ukutani, na mshahara wake ni wa mtumishi.

Kwa hiyo haja yangu kwa wenye mikahawa ni kubwa kuliko haja yangu kwa walaji. Mlaji namwomba aingie, ale kilichopo, asiulize chipsi. Mwenye mkahawa namwomba, maadamu wanawe hawarudi, amfanye mpishi wake kuwa mshirika yeye mwenyewe angali yu hai na ana akili zake: amwandikie fungu la faida, amfundishe hesabu na mambo ya leseni na kodi kama mkewe alivyomfundisha dali, na waandikiane kwamba siku mwenye mkahawa atakapojiuzulu, mpishi atakuwa na haki ya kwanza ya kununua masinia, vyungu na jina la nyumba, kwa malipo ya pole pole kutokana na mapato yenyewe. Mahekalu yaliyo jirani yaweza kuwasaidia kwa kumpa kazi ya karamu zao, kwani tayari ndiye azipikaye. Nimeyazungumza haya na wenye mikahawa wawili watatu ninaofahamiana nao. Mmoja alinijibu kwamba wateja wa jamaa yake hawatakubali. Nikamwambia waulizwe, maana chakula cha mpishi huyo wamekuwa wakikila tangu wakiwa watoto. Mwingine amekwisha kwenda kwa wakili na mpishi wake, wanabishana juu ya fungu, na mpishi, kwa haki kabisa, anataka zaidi.